Nyanya Jukwaani, Mama Uwanjani

Tarehe 6 Machi 2022, katika mji wa Mount Maunganui, New Zealand, timu ya taifa ya kriketi ya wanawake wa Pakistan ilishindwa na India kwa mikimbio 107 katika mashindano ya Kombe la Dunia. Anayejua uzito wa mechi baina ya nchi hizo mbili atafahamu kwamba hicho kilikuwa kipigo cha kuumiza moyo. Hata hivyo, picha iliyozunguka duniani jioni ile haikuwa ya bati wala ya wiketi. Ilikuwa picha ya nahodha wa Pakistan, Bismah Maroof, akiwa na bintiye Fatima, mtoto wa miezi sita, na kando yao wachezaji wa India, wale wale waliomshinda muda mfupi uliopita, wamemzunguka mtoto wakimchekesha na kumpigia vidole.

Wengi waliandika juu ya amani na ujirani mwema, na hayo ni maneno mazuri. Mimi nilishughulishwa na jambo la nyumbani zaidi. Mtoto yule alifikaje kule, mbali namna ile na Lahore? Na kwa muda wote mama yake alipokuwa uwanjani, mchana kutwa, alikuwa mikononi mwa nani?

Jawabu la swali la pili ni jepesi. Alikuwa mikononi mwa nyanya yake, mama mzazi wa Bismah, aliyesafiri na timu kwa kazi hiyo moja tu. Jawabu la swali la kwanza ni refu kidogo, na ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwani naona linazigusa nyumba zetu za Mombasa, Lamu na Malindi kuliko linavyogusa kriketi.

Kwa msomaji asiyeujua mchezo huu, kriketi huchezwa na pande mbili za watu kumi na mmoja. Upande mmoja hurusha mpira, upande wa pili huupiga kwa bati na kukimbia baina ya vijiti ili kuhesabu mikimbio. Wazee waliokulia karibu na uwanja wa Mombasa Sports Club hawahitaji kufunzwa haya. Mchezo wa kale ulichukua siku kadhaa. Baadaye ukaja wa siku moja, ova hamsini kila upande, na huo ndio uliochezwa katika Kombe lile la New Zealand. Kisha ukaja mchezo mfupi wa ova ishirini, yaani mipira 120 kwa kila timu, unaomalizika kwa muda wa saa tatu hivi. Wachache wanakumbuka kwamba mechi ya kwanza kabisa ya kimataifa ya ova ishirini ilichezwa na wanawake, Uingereza dhidi ya New Zealand, mwezi wa Agosti 2004, ilhali wanaume walingoja hadi mwaka uliofuata.

Mchezo mfupi umewafaa wanawake wengi. Mtu mwenye nyumba, mtoto au masomo hupata saa tatu kwa urahisi kuliko siku tano. Na mavazi yake ni suruali ndefu, shati na kofia, jambo ambalo limewapunguzia wazazi wa Kiislamu sehemu ya wasiwasi wao, ingawa halikuuondoa wote. Wanavyuoni wana maneno yao juu ya wanawake na michezo ya hadhara, na makala haya hayakukusudiwa kulifunga jalada hilo.

Timu ya Pakistan haikuzaliwa kwa amri ya serikali. Ilizaliwa ndani ya nyumba ya mfanyabiashara wa mazulia wa Karachi. Mabinti zake wawili, Shaiza na Sharmeen Khan, walisoma Uingereza wakaupenda mchezo. Waliporudi na kutaka kuucheza kwao, walikabiliwa na vitisho vya kuuawa. Hawakuachana nao. Mwaka 1996 walianzisha chama cha kriketi ya wanawake, na Januari 1997 timu yao ikacheza mechi yake ya kwanza ya kimataifa huko New Zealand. Mwisho wa mwaka huo walikwenda kwenye Kombe la Dunia nchini India, na mbele ya Australia wakatolewa wote kwa mikimbio 27 tu. Ishirini na saba, timu nzima! Mtu mwenye ngozi nyembamba angerudi nyumbani akafunga mlango.

Wao walirudi mazoezini. Mwaka 2004, katika Uwanja wa Taifa wa Karachi, mwenzao Kiran Baluch alipiga mikimbio 242 dhidi ya West Indies katika mchezo ule mrefu wa siku nyingi, na Shaiza akachukua wiketi 13 katika mechi hiyo hiyo. Hadi leo hakuna mwanamke wa nchi yoyote aliyepita 242 katika mchezo wa aina hiyo. Ajabu ni kwamba tangu siku ile timu ya wanawake wa Pakistan haijacheza tena mechi ya aina hiyo. Sharmeen alifariki Desemba 2018, akiwa bado mtu mzima wa makamo. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Katika kizazi kilichofuata ndipo alipotokea Bismah. Alizaliwa Lahore mwaka 1991, na Desemba 2006, akiwa na umri wa miaka 15, aliichezea nchi yake kwa mara ya kwanza dhidi ya India, mjini Jaipur. Alikuwemo katika timu zilizotwaa dhahabu ya Michezo ya Asia mara mbili kwa mchezo mfupi, Guangzhou 2010 na Incheon 2014. Ushindi wa Incheon ulipatikana kwa tofauti ya mikimbio minne dhidi ya Bangladesh, baada ya mvua kukata mechi. Nahodha wa timu hizo zote mbili alikuwa Sana Mir, mwanamke wa Abbottabad, ambaye Oktoba 2018 alifikia nafasi ya kwanza duniani miongoni mwa warushaji wa mchezo wa ova hamsini. Bismah alirithi unahodha kutoka kwake, akaolewa mwaka 2018, akaendelea kucheza.

Kisha akawa mjamzito.

Hapa ndipo wasichana wengi wa michezo, na si wa michezo peke yao, hufika mwisho wa njia. Hakuna anayewafukuza. Hakuna barua inayoandikwa. Nafasi hujazwa na mtu mwingine, mkataba humalizika kimya kimya, na watu husema, "Sasa ana mtoto, ametulia." Bismah mwenyewe ameeleza kwamba alidhani safari yake imekwisha, na kwamba mumewe ndiye aliyemhimiza asikate tamaa. Maneno ya mume katika saa kama ile yana uzito mkubwa. Lakini himizo la mume halilipi mshahara wa miezi ambayo mtu hachezi, wala halikati tiketi ya ndege ya nyanya.

Mwezi wa Mei 2021, Bodi ya Kriketi ya Pakistan ilitoa kanuni ya wazazi. Mchezaji mwanamke mwenye mkataba alipewa haki ya likizo ya uzazi ya hadi miezi 12 kwa malipo kamili. Akiwa katika likizo hiyo, mkataba wake ulihakikishiwa kuongezwa kwa mwaka unaofuata. Kabla ya kuanza likizo aliweza kuhamishiwa kazi isiyokuwa ya kucheza. Alipokuwa tayari kurudi, alipatiwa msaada wa matibabu na mazoezi ya kumrudisha katika hali yake. Na akitakiwa kusafiri na mtoto mchanga, aliruhusiwa kuchukua mtu mmoja amtakaye wa kumsaidia, gharama za safari na malazi ya mtu huyo zikigawanywa nusu kwa nusu baina ya Bodi na mchezaji. Wanaume hawakusahauliwa, nao walipewa hadi siku 30 za likizo yenye malipo, ndani ya siku 56 tangu mtoto kuzaliwa.

Someni tena sharti lile la msaidizi. Sheria nyingi za kazi humtazama mama aliyejifungua kana kwamba alizaa akiwa peke yake kisiwani. Kanuni hii ilitambua kwamba mtoto mchanga huja na watu, na kwamba mama akiondolewa watu wake hawezi kazi wala malezi. Sisi wa Pwani tunalijua hili kabla ya bodi yoyote. Mzazi kwetu hurudi kwa mama yake, akakandwa, akanyweshwa uji wa pilipili manga, akakaa siku arubaini pasipo kushika ufagio. Shangazi yuko, khaloo yuko, jirani analeta supu. Tatizo letu ni kwamba siku ya arubaini na moja watu wote hutawanyika, na mama yule hubaki na mtoto, nyumba na, kama alikuwa na kazi, swali lisilo na mwenye kulijibu. Mama yake Bismah alifanya kazi ya arubaini kwa muda wa miezi, akavuka bahari kwa ajili yake, na nusu ya gharama zake ikalipwa na waajiri wa bintiye.

Fatima alizaliwa mwishoni mwa Agosti 2021. Baada ya nusu mwaka mama yake alikuwa New Zealand akiongoza timu. Siku mbili baada ya mechi ile ya India, walicheza na Australia, timu iliyo bora kuliko zote. Bismah alisimama hadi mwisho bila kutolewa, akapiga mikimbio 78. Alipofikisha hamsini hakurusha ngumi hewani. Alilikumbatia bati kama mtu anayebembeleza mtoto, akalitikisa huku ameelekeza macho jukwaani. Walishindwa siku hiyo pia.

Ushindi ulikuja tarehe 21 Machi, mjini Hamilton, dhidi ya West Indies. Mvua ilinyesha hata mechi ikapunguzwa ikawa ya ova ishirini, mchezo mfupi walioujua vizuri. Nida Dar, mrushaji mwenye uzoefu ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa Mpakistani wa kwanza, mwanamume au mwanamke, kufikisha wiketi 100 za kimataifa katika ova ishirini, alichukua wiketi nne kwa mikimbio kumi tu. Pakistan ikashinda kwa wiketi nane, na Bismah alikuwa uwanjani mikimbio ya ushindi ilipopatikana. Timu ilikuwa imeshindwa mechi 18 mfululizo za Kombe la Dunia tangu 2009. Wasichana kadhaa waliokuwa wakirukaruka siku ile walikuwa bado shule ya msingi ushindi uliotangulia ulipopatikana.

Nikirudi kwetu, sheria ya Kenya si masikini katika jambo hili. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mwanamke likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa malipo kamili, na haki ya kurejea katika kazi yake au kazi inayolingana nayo. Baba naye hupewa wiki mbili. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 imewataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea watoto. Haya yameandikwa. Ila sheria hufika alipo mwenye mkataba, na wanawake wetu walio wengi hufanya kazi pasipo karatasi: maduka ya jamaa, mapishi ya harusi, ushonaji, ususi, na kufundisha madrasani.

Hilo la mwisho nalitaja kwa makusudi, maana ni mlango wetu wenyewe na hatuwezi kumsukumia lawama waziri wala mzungu. Mwalimu wa kike wa madrasa hupokea watoto tangu alasiri, akawafundisha herufi, sura fupi, udhu na adabu, kwa posho ambayo aghalabu haifiki nusu ya mshahara wa mtumishi wa duka. Akikaribia kujifungua huombewa dua njema, na dua ni kitu kikubwa. Lakini ni kamati ngapi za madrasa zimeandika, hata kwa mistari mitano, kwamba mwalimu akijifungua atalipwa miezi mingapi, nani atamshikia darasa, na kwamba nafasi yake itamngoja? Ni madrasa ngapi zina chumba chenye pazia na mkeka ambapo mwalimu aweza kumnyonyesha mwanawe baina ya vipindi viwili? Tunahutubia juu ya daraja ya mama, tena kwa sauti kubwa. Miaka miwili ya kunyonyesha tunaitaja kila mara. Mwalimu anayetusikiliza upande wa pili wa pazia hajui kama mwezi ujao ana kazi.

Bodi ya kriketi ina pesa, mtasema, nasi tunahesabu sarafu za kapu la Ijumaa. Ni kweli. Lakini tazameni kile kilichogharimu kidogo katika kanuni ile: kumhakikishia mtu kwamba nafasi yake ipo. Karatasi moja na sahihi ya mwenyekiti.

Upande mwingine ni wa nyumba. Mavyaa anayemwambia mkaza mwana wake, "Nenda kazini, mwanangu, mtoto niachie," amefanya jambo ambalo sheria haiwezi kulilazimisha. Mume anayejua mahali zilipo nguo za mtoto na anayeweza kumlaza pasipo kupiga simu tatu, vivyo hivyo. Nisieleweke vibaya. Nyanya si mtumishi wa bure. Amelea wanawe na ana haki ya kupumzika, na wapo nyanya wanaosombewa wajukuu watano wakaona haya kusema wamechoka. Ndiyo maana napenda kwamba kule Pakistan mchezaji alitakiwa kumchagua msaidizi wake, na msaidizi huyo akahesabiwa kuwa ni mtu mwenye tiketi na kitanda.

Bismah alicheza mpaka Aprili 2024, akastaafu akiwa ameichezea Pakistan mechi 140 za ova ishirini na 136 za ova hamsini, na mikimbio yake yote kwa jumla ilikuwa 6,262, mingi kuliko ya mwanamke yeyote wa nchi yake wakati huo. Bintiye alikuwa amekwisha kutimiza miaka miwili na nusu.

Miezi michache baadaye unahodha wa mchezo mfupi ulikabidhiwa msichana mwingine aitwaye Fatima, Fatima Sana, mwenye umri wa miaka 22. Mwezi wa Oktoba 2024 aliipeleka timu kwenye Kombe la Dunia la ova ishirini, katika Falme za Kiarabu. Mechi ya kwanza waliishinda Sri Lanka kwa mikimbio 31. Yeye alipiga mikimbio 30 na kuchukua wiketi mbili. Siku chache baada ya hapo alifikiwa na habari kwamba baba yake amefariki. Akaondoka Dubai kwenda Karachi kwenye msiba. Wenzake wakacheza na Australia pasipo yeye, chini ya uongozi wa Muneeba Ali, wakashindwa.

Kisha akarudi. Tarehe 14 Oktoba alisimama mbele ya timu yake kukabiliana na New Zealand, na wimbo wa taifa ulipopigwa machozi yalimtoka mbele ya kamera za dunia. Timu ilitolewa kwa mikimbio 56, ikaaga mashindano. Sitajadili kama ilifaa arudi au abaki na watu wake. Hilo ni baina yake na aila yake. Ninachokiona ni kwamba aliruhusiwa kwenda, nafasi yake ikakaa wazi mpaka aliporejea, wala hakuna aliyemtaka achague baina ya jeneza la baba na unahodha. Mwajiri anayemkata mtumishi ujira wa siku ya maziko, nao wapo katika mji huu, angetazama picha ile mara mbili.

Yupo mtu mmoja zaidi ambaye singependa kumwacha. Saleema Imtiaz ni mama wa mchezaji Kainat Imtiaz, aliyeanza kuichezea Pakistan mwaka 2010. Kina mama wengi wangetosheka kukaa jukwaani. Saleema tayari alikuwa ameanza kazi ya uamuzi wa kriketi, na amesema kwamba tangu siku binti yake alipovaa nguo za taifa, naye alitamani kuiwakilisha nchi yake katika mechi za kimataifa. Alingoja. Alisimamia mechi za ndani na za bara la Asia mwaka baada ya mwaka, kwenye jua la Sindh na Punjab. Septemba 2024 alikuwa mwanamke wa kwanza wa Pakistan kuteuliwa katika jopo la waamuzi wa kimataifa la Baraza la Kriketi la Dunia. Kazi yake ya kwanza katika daraja hiyo ilikuwa Multan, mwezi huo huo, katika mechi za ova ishirini baina ya Pakistan na Afrika Kusini, na nahodha wa wenyeji alikuwa Fatima Sana, katika majuma ya mwisho ambayo baba yake alikuwa hai.